Friza ya Nyumbani Inapiga Kelele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu friza za mfuniko wa juu na zile za kusimama zinazotumika majumbani na kwenye fremu za maduka hapa Dodoma. Kabla hujamwita fundi, jiulize mambo matatu: kelele inaanza wakati gani, inadumu kwa muda gani, na je, barafu bado inaganda? Ukiweza kujibu hayo, umeshamsaidia fundi kuliko ukimwigizia mlio wenyewe kwenye simu.

Kelele zipi ni za kawaida?

Kompresa, yaani mashine inayosukuma gesi kwenye mabomba, ikiwaka huvuma kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Ikizima hutikisika kidogo na kutoa "tuk" moja, kwa sababu pampu yake imekalia springi ndani ya lile kopo jeusi la nyuma. Thamostati, swichi inayofuata joto la ndani, nayo hulia "tik" inapowasha na inapozima. Kwa dakika chache baada ya kompresa kuzima utasikia kububujika, kama mtu anamimina maji kwenye chupa. Hiyo ni gesi inayosawazisha mgandamizo kati ya mabomba ya upande wa moto na ya upande wa baridi. Haitaki kurekebishwa.

Mwezi wa Julai, usiku ukiwa wa baridi na mtaa umenyamaza, milio hii husikika zaidi. Friza haijabadilika. Kompresa inapumzika muda mrefu kuliko Novemba, na hakuna kelele nyingine ya kuifunika.

Inalia "tak", inavuma sekunde chache, inalia "tak" tena na kunyamaza. Baada ya dakika kadhaa inarudia. Nifanye nini?

Chomoa plagi sasa hivi, halafu ndiyo uendelee kusoma. Kati ya milio yote, huu ndio unaoua kompresa.

Mota ya kompresa inajaribu kuzunguka inashindwa. Ikikwama hivyo huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule wa kawaida, koili zake zinachemka, na kifaa cha ulinzi kinachoitwa ovalodi kinakata. Hiyo ndiyo "tak" ya pili. Ovalodi ikipoa inarudisha umeme, mota inajaribu tena. Friza ikiachwa hivyo usiku kucha, asubuhi utakuta koili zimeungua, na tatizo la kipuri kidogo limegeuka kuwa kompresa mpya.

Chanzo huwa kimojawapo kati ya vinne. Vichunguze kwa mpangilio huu, kuanzia cha bei rahisi.

Umeme mdogo ndio wa kwanza. Umeme wetu ni volti 230. Nguvu ya mota kuanza haishuki sawa kwa sawa na volti, inashuka kwa kasi zaidi: volti zikiwa 180, nguvu ya kuanzia inabaki kama asilimia 61 tu. Taa zitawaka, televisheni itaonyesha picha, lakini kompresa haitaamka. Nyumba iliyo mwisho wa laini kwenye mtaa mpya, au iliyo jirani na mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea mageti, huonja shida hii, hasa kati ya saa 1 na saa 4 usiku watu wote wanapokuwa wamewasha vitu. Pima kwa mita kwenye soketi ileile, wakati friza inajaribu kuwaka. Kupima ikiwa imezimwa hakutakuambia kitu: soketi inaweza kuonyesha 215 ikiwa tupu, ikaanguka hadi 160 kompresa inapovuta.

Cha pili ni waya. Friza iliyochomekwa kwenye waya mwembamba wa ekstensheni wa mita kumi, pamoja na jiko la umeme na pasi, inanyimwa umeme hata kama uliofika kwenye LUKU ni mzuri. Friza ichomekwe ukutani moja kwa moja. Ikibidi kutumia ekstensheni, iwe fupi na waya wake uwe wa milimita za mraba 2.5. Shika plagi baada ya nusu saa ya kazi; ikiwa ya moto, soketi imelegea au imeungua ndani.

Cha tatu ni relei. Ni kile kiplastiki kinachoisaidia mota kuanza, kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa, chini ya kifuniko kidogo. Friza ikiwa imechomolewa, subiri dakika kumi, fungua kifuniko kwa bisibisi, kisha vuta relei taratibu bila kuipindisha. Itikise sikioni. Ikilia kama njugu, kisahani cha ndani kimevunjika. Ikinuka kuungua au ikiwa na alama nyeusi, imekwisha. Relei ni kipuri cha bei ndogo, na mara nyingi ndiyo yenye makosa yote. Nunua inayolingana na namba ya kompresa yako. "Hii nayo itaingia tu" isikubalike. Kama kompresa ina kapasita pembeni, ipimwe pia; iliyovimba haipimwi, inatupwa. Kapasita hutunza umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usiiguse miguu yake kwa kidole.

Cha nne ni kompresa yenyewe. Ukitoa relei utaona pini tatu. Pima ohm (ukinzani wa umeme) kwa mita kati ya kila pini mbili: namba mbili ndogo zikijumlishwa lazima zikaribie ile kubwa. Mfano, 12 na 18 zitoe karibu 30. Pini mojawapo isiposoma na nyingine, koili imekatika. Pini yoyote ikisoma na bomba la shaba lililokwanguliwa rangi, koili imegusa bodi ya chuma na friza inaweza kumpiga mtu shoti, isichomekwe tena. Koili zikiwa nzima, relei ni mpya, na volti zinabaki juu ya 200 wakati wa kujaribu lakini bado inalia tak-tak, pampu imekwama ndani. Kuna mafundi wanaoigonga kwa nyundo ya raba au kuifungia kapasita kubwa ya kuistua. Wakati mwingine inaamka. Mara nyingi unakuwa umenunua wiki chache tu.

Umeme ulikatika ukarudi papo hapo, sasa inanguruma haiwaki. Imeungua?

Pengine bado. Kompresa ikizimwa ghafla, mgandamizo wa gesi unabaki mkubwa upande mmoja, na mota haina nguvu ya kuusukuma. Chomoa, subiri dakika 5, chomeka tena. Ndiyo maana friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme mbaya, ina kipima muda: umeme ukirudi inasubiri kwanza ndipo inaruhusu. Kwa friza yenye kilo kadhaa za nyama au barafu za kuuza, friji gadi si anasa. Angalia tu kwamba ina vitu viwili: inakata umeme ukishuka sana na ukipanda sana, na muda wake wa kusubiri ni walau dakika 3. Zenye kusubiri sekunde 30 ni za televisheni.

Stabilaiza ndiyo inayolia "tik-tik-tik". Ni mbovu?

Inabadilisha gia. Kazi yake ni kusawazisha volti; zikipanda na kushuka, relei za ndani zinahama. Ikilia hivyo mfululizo kwa saa nzima, tatizo liko kwenye laini. Toa taarifa TANESCO, na useme saa inayotokea. Stabilaiza inayonguruma na kuwa ya moto kuliko kawaida imebebeshwa mzigo mkubwa. Kompresa ya wati 150 inahitaji nguvu kubwa zaidi kwa ile sekunde ya kuanza, kwa hiyo stabilaiza ya VA 1000 ndiyo ya kuanzia kufikiria, si ya 500.

Friza nzima inatetemeka na kugongana na ukuta.

Anza chini. Sakafu nyingi za saruji zina mteremko mdogo uliowekwa ili maji ya kudeki yatoke, na friza ikiwekwa juu yake inasimama kwa miguu mitatu. Sukuma kila kona ya juu kwa kiganja. Kona inayocheza ndiyo yenye mguu uliolegea. Weka pimamaji juu ya mfuniko, kwa urefu na kwa upana. Kama huna, bakuli la maji lililojaa karibu na ukingo linatosha. Zungusha mguu kwa spana hadi usicheze. Friza isiyo na miguu ya kuzungusha iwekewe kipande cha raba ya tairi, si kadibodi, maana kadibodi ikilowa hulainika na safari inaanza upya.

Kisha angalia nyuma. Sukuma kila bomba la shaba kidogo kwa kidole, kompresa ikiwa inafanya kazi. Ukigusa moja na kelele ikakata, umempata. Bomba hilo linagusana na bodi au na bomba mwenzake. Lisogeze milimita tatu hadi tano, taratibu, bila kulikunja, au weka kipande cha sponji katikati. Usiliache likigusana: shaba inayosuguana na chuma miezi mingi hutoboka, gesi ikatoka.

Kompresa hukaa juu ya raba nne. Kwenye joto na vumbi zinakauka na kupasuka, kompresa ikabaki imekaa chuma kwa chuma. Raba hizo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri vya friji na zinabadilishwa moja moja bila kukata bomba.

Na uondoe vitu juu ya mfuniko. Sufuria, trei za mayai na redio vimewahi kushukiwa kuwa kompresa mbovu.

Kuna kitu kinakwaruza ndani, kama karatasi kwenye feni.

Hii inatokea kwenye friza za kusimama zisizoganda barafu ukutani, zile zenye feni nyuma ya ubao wa ndani. Kipimo ni rahisi: fungua mlango na ubonyeze swichi ya mlango kwa kidole. Kwenye nyingi feni husimama mlango ukiwa wazi na kuzunguka swichi ikibonyezwa. Kelele ikija na feni, panga zake zinagonga barafu.

Zima, toa chakula, acha mlango wazi kwa saa 24. Usitumie kisu, bisibisi wala maji ya moto. Bomba la baridi ni alumini nyembamba, likitobolewa ukarabati wake unaweza kukaribia bei ya friza. Feni ya mezani ikielekezwa ndani inaharakisha kazi. Weka dekio na beseni, maji yatakuwa mengi.

Kelele isiporudi kwa miezi, mlango uliachwa wazi kidogo siku fulani. Ikirudi ndani ya wiki mbili, mfumo wa kuyeyusha haufanyi kazi: hita imekatika, sensa yake imekufa, au tundu la kupitisha maji limeziba. Tundu unaweza kulizibua mwenyewe kwa maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano kubwa isiyo na sindano. Hita na sensa vinataka mita na mtu anayejua kuitumia.

Kipindi cha mvua, Desemba hadi Aprili hivi, barafu hujengeka haraka zaidi kwa sababu hewa ina unyevu. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu na friza hiyohiyo inakaa muda mrefu bila kujaa barafu. Kwa hiyo friza inayojaa barafu mwezi wa Septemba ina tundu la kuingizia hewa: chunguza raba ya mlango. Bana noti ya karatasi mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukataa, sehemu hiyo haibani.

Inatatarika na kupasuka "paa!" usiku.

Plastiki ya ndani na barafu vinatanuka na kusinyaa. Lala.

Nasikia "ssss" muda wote.

Sikiliza iko wapi. Ikiwa ndani, kompresa inafanya kazi, na barafu inaganda vizuri, ni gesi inapita kwenye kile kibomba chembamba kinachoitwa kapilari. Ikiwa friza inazidi kupoteza ubaridi, na barafu imeganda kwenye kona moja tu huku kuta nyingine zikiwa kavu, gesi imepungua au kapilari imeziba kiasi.

Angalia kibandiko kwenye kompresa. Kikiandikwa R600a, gesi hiyo inawaka moto. Ukisikia inavuja, au fundi akitoboa kitu kwa bahati mbaya, fungua madirisha na mlango, usiwashe wala kuzima chochote cha umeme kilicho karibu, zima jiko la gesi na mkaa. Fundi anayetaka kuchomelea bomba la R600a kabla ya kutoa gesi yote nje, mwombe afungashe vyombo vyake.

Fundi amesikiliza sekunde kumi akasema gesi imeisha, ajaze. Nikubali?

Gesi ya friza haiishi kama mafuta ya pikipiki. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na kama imepungua, imetoka mahali. Kazi inayostahili malipo ina hatua: kutafuta tundu kwa povu la sabuni na mgandamizo wa naitrojeni, kuliziba, kubadilisha filta, kunyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu, ndipo kujaza gesi kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Friza ya R600a huhitaji gesi kidogo tu, kwa hiyo kukisia kwa mkono kunaikosea kirahisi. Gesi ikizidi, kompresa inalia kwa uzito na kuchemka, na sasa una kelele ambayo hukuwa nayo.

Pia, kelele ya kugonga, kukwaruza au kutetemeka haihusiani na gesi. Mtu anayetibu kelele zote kwa kujaza gesi anatibu mfuko wako.

Kompresa inagonga "ko-ko-ko" muda wote inapowaka.

Kama umeshasogeza mabomba na raba ni nzima, springi mojawapo ya ndani imekatika au imechomoka na pampu inapiga kopo. Kopo limechomelewa pande zote, halifunguliwi. Friza inaweza kuendelea kugandisha kwa miezi ikiwa na kelele hiyo, au ikafa kesho. Anza kuweka akiba ya kompresa, na usijaze nyama nyingi usiyo na mahali pengine pa kuipeleka.

Friza ilitoka Dar es Salaam ikiwa imelazwa kwenye gari. Ilipowashwa ilinguruma vibaya.

Ilipolazwa, mafuta ya kompresa yalitiririka kwenye mabomba. Izime, isimamishe wima saa 24, kisha iwashe. Mafuta mengi yatakuwa yamerudi. Kama ni mpya kabisa, tafuta pia skrubu na vipande vya povu vilivyofungwa kushikilia kompresa wakati wa safari. Baadhi ya viwanda huweka, na karatasi ya maelekezo huwa inasema vitolewe. Barabara ya Dar hadi hapa ni kama kilomita 450, na friza iliyolazwa upande mbaya kwa safari hiyo inaweza kufika springi zikiwa zimeshachomoka. Siku nyingine isimame wima, ifungwe kamba mbili.

Vumbi linahusika vipi?

Sana, katika mji wenye upepo na vumbi kama huu. Friza yenye wavu mweusi wa mabomba mgongoni, au feni karibu na kompresa, hukusanya vumbi linalozuia joto kutoka. Kompresa inafanya kazi bila kupumzika, inachemka, sauti inapanda. Kiangazi safisha kila mwezi. Masika kila miezi mitatu inatosha. Chomoa, sogeza friza, piga brashi laini kutoka juu kwenda chini, malizia kwa bloa au kitambaa kikavu. Maji hapana. Feni yenye vumbi upande mmoja wa panga hupoteza uwiano na kuanza kuvuma kama nyuki. Futa panga zote, kisha izungushe kwa kidole uone kama ekseli inacheza.

Friza nyingi za mfuniko wa juu hazina wavu wa nje. Mabomba yake ya moto yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, ndiyo maana unaligusa na kulikuta la joto. Hizo ziachiwe sentimita 10 pande zote. Kuifunika kwa kitambaa cha kufuma hadi chini ni kuivalisha koti jua la Novemba.

Mfuniko unapiga mluzi na unakataa kufunguka.

Hewa ya joto iliyoingia inapoa na kusinyaa, inauvuta mfuniko. Subiri dakika moja au mbili. Raba yako inabana vizuri.

Inavuma vibaya ikitumia sola, ikitumia TANESCO imetulia.

Inveta yako, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, inatoa mawimbi ya umeme yenye pembe kali badala ya mviringo laini. Mota inalalamika na kupata joto. Tumia inveta ya mawimbi safi, yenye uwezo wa kubeba ule mstuko wa kuanza.

Friza zenye kompresa ya inveta ni jambo jingine: sauti yake hupanda na kushuka kwa sababu kasi ya mota hubadilika. Hiyo ndiyo kazi yake, na ukiisikia inalia kwa sauti nyembamba baada ya kuweka soda za moto, inakimbia kuzipooza.

Inalia "pii, pii".

Mlango haujafungwa au joto la ndani limepanda. Lenga nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya kujaza vitu vipya inaweza kulia kwa saa kadhaa hadi irudi huko.

Nikiizima kusubiri fundi, nyama itakaa muda gani?

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia ubaridi kwa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kufungua kila mara kuchungulia kunaukata muda huo. Zifunike kuta kwa mablanketi, kwa sababu imezimwa na hakuna joto la kutoa. Kama ina nafasi tupu na bado inagandisha siku ya leo, jaza chupa za maji ziwe barafu kabla hujaizima, uache nafasi juu ya kila chupa maana maji yakiganda hutanuka. Fundi akifika, nyama iliyobaki na fuwele za barafu au baridi ya friji, nyuzi 4 au chini yake, inaweza kugandishwa tena. Iliyokaa juu ya hapo zaidi ya saa 2 isirudi ndani, hata kama hainuki.